Jangwa la Barazani kwa Bi. Mwanamvua

Nchi ya Chepechepe haipo. Naomba hilo liandikwe mapema, kabla sijasema neno jingine. Haimo kwenye ramani, mimi si raia wake, sikuwahi kuwa karani wa Idara ya Miavuli kwa miaka ishirini na sita, na wala sinywi kahawa kila asubuhi barazani kwa Bi. Mwanamvua. Baada ya kujieleza hivyo, sasa naweza kusimulia niliyoyaona kwa macho yangu.

Chepechepe mvua hunyesha miezi kumi na mmoja. Mwezi wa kumi na mbili ni manyunyu, nao ndio tunaouita kiangazi, na una sikukuu mbili za taifa. Nguo huko hazikauki, huvaliwa hivyo hivyo mpaka mwili uzizoee. Wimbo wa taifa una beti nne, lakini huimbwa mmoja tu, kwa sababu kelele za mabati huwa zimeshaimeza sauti ya kiongozi wa kwaya. Hatulalamiki. Serikali yetu imetufundisha kuogelea tangu darasa la kwanza, na si serikali zote zinazojali watu namna hiyo.

Mwaka huo Rais wetu, Mtukufu Daktari Ngwangwalu, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa wakuu wa nchi zenye ukame. Mwaliko ulikuja kwa makosa ya anwani, ila Mtukufu hakatai mwaliko, na ndege ilikuwa imeshajazwa mafuta. Huko, kwenye jangwa la kusini magharibi mwa nchi moja kubwa, alihutubia saa mbili nzima juu ya namna ya kuokoa magodoro wakati wa mafuriko. Wajumbe walipiga makofi mpaka viganja vikawauma, na wengi wao walikuwa hawajaona tone la mvua tangu mwaka juzi.

Mkutano ulipokwisha, meya wa mji ule alimkaribisha nyumbani kwake akamketisha barazani. Hapo ndipo Mtukufu alipotekwa moyo. Ukuta ulipakwa rangi ya udongo wa kufinyangia. Kulikuwa na benchi la gogo lililotandikwa blanketi la mistari, vyungu vikubwa pembeni, pilipili nyekundu zimetungwa kwenye kamba na kuning'inizwa mlangoni, mipungate yenye miiba imesimama wima, na ukutani fuvu la kichwa cha ng'ombe na pembe zake. Kila kitu kikavu. Mtukufu wetu alizaliwa, akasoma, akaoa na kuapishwa huku soksi zake zimelowa. Siku ile alivua viatu, akakaa, akavivaa tena, na vilikuwa vikavu ndani. Wapambe wake wanasema alilia kidogo.

Akampigia simu Katibu Mkuu Kiongozi, Bwana Shekivuli, ambaye huipokea simu ya Rais akiwa amesimama wima na kuvua kofia. Mtukufu akasema maneno haya: "Nikirudi nikute baraza limepambwa kwa mtindo wa jangwa la kusini magharibi." Kisha simu ikakatika.

*

Wewe msomaji unaijua lugha yetu, huna haja ya kufundishwa. Baraza ni pale mbele ya nyumba, chini ya upenu, panapokaa watu wakanywa kahawa na kuwasema wapita njia. Baraza vilevile ni kikao cha mawaziri. Kuna la madiwani, kuna la mitihani, kuna la usuluhishi wa ndoa, kuna la wazee wa mji, ambalo lina wazee watatu na wawili kati yao hawakumbuki kama wamo. Mtu wa kawaida angeuliza, baraza lipi? Bwana Shekivuli si mtu wa kawaida. Anajua kwamba kumuuliza Rais swali ni kumwambia hakueleweka, na kumwambia Rais hakueleweka ni kosa chini ya kifungu cha tisa.

Akaunda kamati ya watu arobaini. Kamati ikakaa siku nne, ikala vizuri, ikatoa uamuzi wa busara: kwa usalama wa wote, mabaraza yote yapambwe.

Mimi niliyaona kwa fahari kubwa. Baraza la Mitihani lilining'iniza pilipili juu ya karatasi za kidato cha nne, na matokeo ya mwaka ule yakawa makali. Baraza la Mawaziri likavishwa mablanketi na kofia pana, likamwagiwa mchanga chini ya meza, na Waziri wa Afya akawekewa kitu cha miiba pale alipozoea kuegemea. Tulikuwa tumewazoea wakisinzia, sasa walikuwa macho.

Baraza moja tu halikuguswa, nalo ni la Ikulu. Kupigilia hata msumari Ikulu kunahitaji saini ya Rais, na Rais alikuwa safarini.

*

Kwa wananchi kulitolewa kitabu kiitwacho Mwongozo wa Taifa wa Jangwa la Nyumbani, kurasa sitini. Kililowa njiani, kurasa za kumi na mbili mpaka thelathini zikagandana, kwa hiyo hatujui mpaka leo ni nini tulichokosea humo. Zilizofunguka zilisema kila mwenye baraza apake rangi ya udongo, atandike blanketi, amwage mchanga debe saba, aning'inize pilipili, asimamishe mipungate mitatu, na fuvu la ng'ombe lenye pembe lionekane ukutani. Baraza lisilotimiza litavunjwa.

Mchanga ulimwagwa Jumatatu, na Jumanne mvua ikaupeleka mitaroni. Redio ikaeleza kwamba jangwa limehama, ni tabia yake. Mipungate haioti Chepechepe, ukiipanda leo keshokutwa inanuka. Kwa hiyo Mwongozo ukaruhusu kitu chochote chenye miiba na msimamo. Watu wakasimamisha mananasi na mafenesi. Jirani yangu alipaka rangi ya kijani brashi tatu za chooni, akapewa cheti.

Wa kukagua mtaa wetu alikuwa Hiza Mkomwa, Afisa Jangwa wa Kata. Wiki iliyotangulia alikuwa Afisa Mafuriko, walichombadilishia ni kofia. Kijana mwenye adabu zake, anaamkia mpaka kuku. Kupima ukavu alikuwa na kifaa kimoja, biskuti. Anaiweka barazani, anaangalia saa, baada ya dakika tano anaivunja. Ikilia, baraza ni jangwa. Ikinyong'onyea, baraza limefeli. Kisha anaila, kwa kuwa kielelezo hakitakiwi kuzagaa.

*

Sasa nije kwa Bi. Mwanamvua, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Baraza lake ni vibao viwili vya mawe, kimoja kila upande wa mlango. Marehemu mumewe, Mzee Tindo, alivijenga kwa mikono yake mwaka walipooana, akavijenga kabla ya nyumba yenyewe. Walilala kwa watu miezi saba, lakini wageni walikuwa na pa kukaa. Mimi nimekalia kibao cha kushoto miaka mingi, kimeshika umbo langu.

Na Jumamosi ya wiki ile ya ukaguzi palikuwa na jambo. Binti yake, Salhina, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyekwisha kukataa wanaume wanne kwa kuwauliza jedwali la saba, alikuwa amempata anayemtaka. Jina lake Mbaraka, fundi wa kuziba mabati. Kwetu hiyo ni kazi ya heshima kuliko udaktari. Miaka miwili alikuwa akipanda juu ya darasa la Salhina kutafuta tundu, na darasa lile halikuwa linavuja.

Mila yetu ni hii. Posa huletwa Jumamosi asubuhi, mbele za watu. Ukiwapokea wageni barazani, umesema tutafikiri. Ukiwapitisha ndani, umekubali. Ukiwaacha njiani, umekataa, na hata wajukuu zenu hawatasalimiana. Hakuna mama anayejiheshimu akakubali siku ile ile. Lazima ufikiri, walau wiki tatu, watu wasije wakasema binti alikuwa anakuozea ndani. Na pa kufikiria ni barazani tu. Mama yake Mbaraka, Bi. Kirembwe, mwanamke mwenye magoti mabovu na masikio mazima, alikuwa ametangaza kwamba kilima cha mtaa wetu atakipanda mara moja, hatarudi.

Kwa hiyo baraza likivunjwa kabla ya Jumamosi, harusi nayo basi.

Bi. Mwanamvua alipaka rangi, akatandika shuka la mistari, akasimamisha mafenesi matatu akiyazuia kwa vijiti. Fuvu ndilo lililomshinda. Machinjioni mafuvu yalikwisha siku ya kwanza, yalichukuliwa na ofisi za serikali. Basi siku ya ukaguzi, asubuhi, akaja kuazima ng'ombe wangu, Siwema, bila kuniambia wa nini. Nikampa. Bi. Mwanamvua hakataliwi kitu na mtu anayekunywa kahawa yake.

Hiza alifika, akatuamkia wote, akafungua daftari. Rangi ipo. Blanketi lipo. Miiba ipo, na msimamo upo kiasi. Akauliza fuvu la ng'ombe liko wapi, mama. Bi. Mwanamvua akamwonyesha dirisha. Siwema alikuwa amefungwa chumbani, kichwa kimetokeza nje kati ya mapazia, pembe zote mbili.

"Fuvu lipo, mwanangu," Bi. Mwanamvua akamwambia. "Halijatolewa nyama tu."

Hiza akasoma Mwongozo mara tatu. Ulisema fuvu lionekane ukutani. Haukusema ng'ombe awe ameshamaliza kulitumia. Kijana mwaminifu, akaandika: Fuvu lipo, linatafuna.

Ikabaki biskuti. Akaiweka juu ya kibao cha kulia, chini ya dirisha, akainamia saa yake. Mimi niliona itakavyokuwa, lakini nilistaafu na maoni yangu nikayaacha ofisini. Siwema akanyoosha shingo, akatoa ulimi, biskuti ikaenda. Hiza alipoinua macho, kielelezo cha serikali kilikuwa kinashuka kooni mwa ng'ombe.

Akafunga daftari, maskini. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba baraza lisilo na majibu ya biskuti huhesabiwa limefeli, na kwamba yeye hakuitunga sheria. Akachora alama ya X nyekundu ukutani. Siku ya kuvunjwa: Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mvua iliifuta X usiku ule ule. Akarudi kesho yake kuichora upya, na keshokutwa pia, na kila alipokuja Bi. Mwanamvua alimpa kahawa na kashata. Siku ya tatu akatuambia kwamba yeye kwao hawana baraza tena. Alianza kuvunja la mama yake mzazi, asije akaonekana ana upendeleo. Mama yake alimwandalia chakula kama kawaida, ila sasa wanakula wamesimama. Tulimhurumia, nasema kweli. Bi. Mwanamvua akamwongeza kashata, kisha akageukia ukuta akafuta macho kwa pembe ya kanga, akisingizia moshi.

*

Ijumaa Mtukufu akarudi. Kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini aliona mananasi yamesimama milangoni, pilipili zinachuruzika maji, mawaziri wake wamejipanga kwenye tope wamevaa mablanketi yaliyolowa na kunuka mbuzi. Alikuwa na haraka ya kufika nyumbani kuliona baraza lake.

Alilikuta kama alivyoliacha. Viti vya plastiki na beseni la kukingia maji.

Bwana Shekivuli alijieleza kwamba walikuwa wanasubiri saini. Mtukufu akajizuia. Alikuwa amekuja na mpungate mmoja wa kweli, zawadi ya meya, akaamuru uwekwe barazani saa hiyo hiyo, akatia saini fomu saba. Wapambe hawakujua uwekwe wapi, na kwa kuwa ni kitu cha heshima wakauweka kwenye kiti cha heshima, wakaufunika shuka la mistari usilowe. Asubuhi ya Jumamosi Mtukufu akatoka na kikombe chake cha chai kufurahia jangwa, akaketi.

Sitaeleza zaidi. Ni Mkuu wa Nchi.

*

Saa nne kasoro robo, mtaani kwetu mvua inashuka ya kutosha. Kutoka juu anakuja Hiza na wanaume wanne wenye nyundo kubwa. Kutoka chini unakuja msafara wa posa, miavuli kumi na mmoja, Bi. Kirembwe mbele anashikwa mkono, Mbaraka nyuma amevaa koti la kuazima. Wakakutana mbele ya mlango. Salhina alikuwa dirishani, amesimama pamoja na Siwema, na kati ya wale wawili aliyetulia ni Siwema.

Bi. Mwanamvua alikuwa amesimama katikati ya vibao vyake viwili. Hakuvaa kanga ya nyumbani, alivaa ile aliyomzikia mumewe. Akamwomba Hiza nusu saa tu, apokee wageni, kisha avunje. Hiza akasema amri ina saa, haina nusu. Akasema pole, mama. Wale wanaume wakainua nyundo.

Redio yangu ilikuwa juu ya kibao cha kushoto, ninaibeba kila mahali kwa ajili ya hotuba. Wimbo wa taifa ukapigwa, ubeti mmoja. Kisha sauti ya Mtukufu, nzito, ya mtu anayezungumza amesimama: "Wananchi, nimechoka, na nimeumia. Nimelivunja baraza. Ahsanteni." Wimbo ukarudi.

Nyundo zikabaki hewani. Hiza akasema mmesikia wenyewe, imetoka juu. Hapo Bi. Mwanamvua akauliza swali ambalo kamati ya watu arobaini haikuliuliza.

"Baraza lipi?"

Hiza akasema Mtukufu hakutaja lipi, kwa hiyo ni yote.

"Na langu limo?"

"Limo, mama."

"Kasema atalivunja, au kalivunja?"

Hiza akafikiri. Alisoma, anajua nyakati. "Kalivunja."

"Basi limeshavunjwa," Bi. Mwanamvua akamwambia taratibu, anavyoongea na mtoto wake. "Wewe unataka kuvunja nini? Au uandike humo kwamba Rais kalivunja, na halikuvunjika?"

Nilimwona Hiza akigeuka rangi. Akatazama vibao, mawe yale imara ya Mzee Tindo. Akatazama daftari. Mtu akipiga nyundo hata moja, ni kusema kazi ya Mkuu wa Nchi ilihitaji kumaliziwa. Akawaashiria wale wanaume washushe nyundo polepole, zisiguse kitu. Akaandika, nami nilisoma begani kwake, kwa mazoea ya ukarani: Limevunjwa na Mtukufu mwenyewe. Mabaki: hakuna. Akatia saini, akaipigia mstari mara mbili kwa furaha ambayo hakuruhusiwa kuwa nayo.

Bi. Kirembwe, ambaye magoti yalikuwa yameshamchosha, akauliza basi wao wakae wapi. Bi. Mwanamvua akamwonyesha kibao. Hiza akakohoa.

"Samahani, mama zangu. Hapo hapapo. Mtu akikaa hapo, itabidi niandike kwamba baraza lipo."

Tulielewa wote pamoja. Pa kusemea tutafikiri palikuwa pameondolewa na serikali. Kulibaki njiani, na kulibaki ndani.

Bi. Mwanamvua alikuwa ameshazipanga wiki zake tatu. Alikuwa na hamu nazo. Alitaka mji mzima upite ukiuliza, naye ajibu tunafikiri, tunafikiri, kama mama yake alivyomfanyia yeye. Nilimwona anavyoumia kuziachia. Akamtazama Bi. Kirembwe anayelowa. Akamtazama Mbaraka, na Mbaraka hakuwa anatazama watu, alikuwa anatazama pembe ya upenu, bati la tatu, ambalo lilikuwa linavuja tangu Mzee Tindo afe na hakuna aliyewahi kuliona. Kisha akageuka dirishani kumtazama mwanawe.

"Karibuni ndani," akasema.

Vigelegele vilipasuka, na Siwema naye akachangia. Waliingia wote, wanaume wa nyundo pia, wakaacha nyundo zao mlangoni. Hiza ndiye aliyeingia mwisho. Akapewa kiti, akala amekaa, akaomba afungiwe chakula kidogo ampelekee mama yake.

*

Mawaziri nao walikuwa na redio. Wao baraza wanalijua moja tu, lao, kwa hiyo walirudisha mablanketi, wakachukua kalenda zao ukutani wakaenda makwao kulima magimbi. Mtukufu, ambaye alimaanisha lile lenye mpungate, alishangaa Jumatatu kukuta ukumbi mtupu. Kuwaita warudi kungekuwa kukiri kwamba hakueleweka, na kifungu cha tisa kinamhusu yeye pia. Akaacha. Miezi miwili ikapita. Ving'ora vikakoma barabarani, na mabati mengi yakazibwa, kwa kuwa mafundi hawakuwa wanaitwa tena kwenye semina. Mimi kama mzalendo nilisikitika sana.

Sisi tunaendelea kukaa pale pale pasipokuwepo. Hiza hupita kila Ijumaa kuhakikisha kwamba baraza halipo, na hukaa kwenye kibao cha kulia akiandika taarifa. Upenu hauvuji. Salhina huja na mumewe jioni, na Bi. Mwanamvua bado anawaambia wapita njia kwamba posa ile alikuwa anaifikiria.

Jana asubuhi tulikuwa hapo na kahawa ya kwanza, redio ikatangaza kwamba Mtukufu, baada ya kutafakari kwa kina, ataunda baraza jipya. Hawakusema lipi.

Bi. Mwanamvua akaweka kikombe chini.

"Karani," akaniambia, "kaniletee tena yule ng'ombe."